Mwaridi na Mchicha

Mwezi wa Februari, jua likiwa kali na ardhi imepasuka, jirani zetu wawili, mume na mkewe, walitujia nyumbani jioni wakataka tuwaamulie shauri. Shauri lenyewe lilikuwa dogo, hata tulipolisikia mara ya kwanza tulikaribia kucheka. Mume alikuwa ameung'oa mwaridi uliokuwa kando ya mlango wao, apate mahali pa kuongeza tuta la nne la mchicha; na mke tangu siku ile hakusema naye ila maneno ya lazima. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba Mwalimu, kwa kuwa amesoma, atakuwa upande wake.

Tangu hapo tumelifikiri jambo hili muda mrefu kuliko tulivyolifikiri jioni ile, tena limetugusa sisi wenyewe mahali tusipopatazamia. Twaona si vibaya kuwaletea wasomaji, maana hakuna nyumba isiyo na kipande cha udongo mbele ya mlango wake, na mwenye nyumba hana budi kuamua kipande kile kiote nini.

Mume alisema kwanza, kama ilivyo desturi. "Mwalimu," akasema, "mwaridi hauliwi. Miaka mitatu umesimama pale mlangoni, umekula samadi ya mbuzi wangu, umechana nguo za watoto kwa miiba yake, wala hatujapata kwake hata kijiko cha mchuzi. Mchicha je? Nausia leo, na wiki ya nne watoto wanakula. Unaobaki twafunga mafungu, twauza barabarani, na fedha zake zanunua mafuta ya taa na madaftari. Sasa mwenye akili apande nini?"

Maneno yake yalikuwa ya kweli, nasi twaweza hata kuyaongeza nguvu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hata mkulima mwangalifu huzichanganya na mchanga mkavu asije akazimwaga zote mahali pamoja. Zikiota, siku 21 hata 30 zatosha kwa wapendao kung'oa. Na apendaye kukata shina juu, akaliacha litoe machipukizi, atachuma tena na tena kwa majuma mengi. Joto linalonyausha kabichi mchicha hulistahimili, kwa kuwa majani yake yana namna yao ya kujilisha kwa jua kali, kama yafanyavyo mahindi na mtama. Ndani yake mna madini ya chuma na chokaa, na rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mtoto akiikosa vitamini hiyo macho yake huharibika, kwanza usiku, mwisho hata mchana. Mama zetu hawakujua jina la vitamini hata moja, lakini mchicha waliuunga kwa tui la nazi wakatuwekea sahanini kila siku, nasi tulinung'unika tukataka nyama. Huko Arusha sasa wako wataalamu ambao kazi yao yote ni mboga, nao hupanda mchicha, mnavu na nyanya chungu na kuzichagua mbegu zake kwa uangalifu, mboga zile zile ambazo wengi wetu tuliosoma tuliwahi kuzionea haya mbele ya wageni.

Mke alikaa kimya kitambo, akizungusha pindo la kanga yake kidoleni. Kisha akasema, "Mwalimu, kila kitu katika nyumba ile chaliwa. Nikipika chaliwa, kikiisha natafuta kingine, na kesho ni vivyo hivyo. Ua lile haliliwi. Nikiamka nalikuta."

Hakuongeza neno.

Haya ndiyo tuliyoamua, nasi twaona haya kuyaandika. Tulisema kwamba mume ana haki. Tulimkumbusha mama yule mithali ya uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tukasema kwamba maua ni mema kwa wenye nafasi, bali mwenye watoto watano na aanze na chungu. Mzee mmoja aliyekuwa barazani petu jioni ile, aliyefanya kazi miaka mingi Mwanza, alitutia nguvu. Alieleza habari za gugu maji, jinsi lilivyotolewa Amerika ya Kusini kwa ajili ya uzuri wa ua lake la zambarau, watu wakaliweka katika madimbwi ya bustani, nalo likatoroka. Hata katika miaka ya 1990 likaziba ghuba za Ziwa Viktoria, mitumbwi ikashindwa kutoka, wavuvi wakakaa ufuoni mikono mitupu. "Na hilo nalo lilikuwa ua," akasema mzee. Tukacheka. Mume akaenda zake ameridhika, na mke akamfuata nyuma. Usiku ule tulilala vizuri.

Kabla hatujasema yaliyotokea baadaye, twataka wasomaji waipime hukumu ile kwa upande wa mimea yenyewe, kwani hata kwa upande huo ilikuwa na ufa.

Tulisema kana kwamba mimea imeumbwa makundi mawili, ya kuliwa na ya kutazamwa, na kila mmoja umeandikwa kundi lake usoni. Si hivyo. Mchicha wetu una jamaa zake huko Ulaya, na mmoja wao hushusha mikia mirefu myekundu kama shanga zilizotundikwa. Waingereza huupanda mbele ya nyumba zao wautazame, wala haiwapiti moyoni kuutia chunguni. Jina ambalo wataalamu wameupa ukoo wote, Amaranthus, latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutokunyauka. Basi jamaa za mchicha wakaa huko kwa heshima ya maua, na huku kwetu twawatia chumvi. Kadhalika yako maharagwe yenye maua mekundu, asili yake milima ya Meksiko na nchi za jirani; yalipofika Uingereza katika karne ya 17 watu waliyapenda kwa maua yake, na baadaye tu ndipo walipoyazoea mezani. Mmea haukubadilika, aliyebadilika ni mpandaji.

Watu wa Uholanzi wamelijua jambo hili kwa uchungu. Wao wana ua liitwalo tulipu, ambalo huota kutoka tunguu mfano wa kitunguu. Zamani walilipenda hata wakapotewa na akili: katika majira ya baridi ya mwaka 1636 na 1637 tunguu moja la namna iliyo adimu liliweza kuuzwa kwa fedha nyingi kuliko mshahara wa fundi wa mwaka mzima, mpaka mwezi wa Februari 1637 bei ikaanguka ghafula na wengi wakabaki na karatasi zao mkononi. Miaka 300 ikapita na zaidi. Katika vita kuu ya pili, majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Wajerumani walioitawala nchi ile walizuia chakula kisifike miji ya magharibi, na watu wapatao 20,000 wakafa. Ndipo wenyeji walipochimbua matunguu ya tulipu wakayachemsha wakayala. Walioyala wanasema yalikuwa machungu na ya ungaunga. Lakini waliyala, na tulipu ikawa mboga.

Hatusemi haya kwa kulidharau tumbo. Njaa ikiwa mlangoni, ua hupisha, wala halingoji hakimu. Uingereza nayo, vita vilipoanza mwaka 1939, serikali iliwahimiza watu wageuze bustani zao za maua na majani kuwa mashamba ya mboga, hata handaki kavu linalozunguka ngome ya kale ya Tower of London likapandwa mboga. Hakuna aliyelaumu, wala sisi hatulaumu. Lakini je, katika nyumba ya jirani zetu njaa ilikuwa mlangoni? Haikuwapo. Matuta matatu yaliwatosha watoto watano, tena mafungu yakabaki. Tuta la nne, lile lililochukua mahali pa mwaridi, lilikuwa la kuuzwa tangu mwanzo. Hilo sisi hatukuliuliza. Tulisikia neno mchicha, tukaona mbele ya macho yetu mtoto mwenye njaa, tukahukumu.

Tena, kama kipimo ni fedha, ua halikosi kitu cha kujibu. Huko Kenya, ufuoni mwa Ziwa Naivasha, mawaridi hupandwa katika nyumba kubwa zilizoezekwa karatasi za nailoni, hukatwa yakiwa matumba, na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Nchi ile hupata fedha nyingi za kigeni kwa biashara hiyo. Fungu la mchicha halijapanda ndege kwa wingi namna hiyo. Wala hatudhani mama yule angeridhika kama tungemwambia kwamba ua lake laweza kuuzwa. Waridi la Naivasha huondoka kabla aliyelilea hajaliona likifunuka, na yeye alilotaka ni lile la kulikuta asubuhi.

Wengine watasema kwamba kupenda maua ni tabia tuliyofundishwa na wageni, nasi tulipokuwa vijana chuoni tulisikia maneno hayo mara nyingi. Anenaye hivyo hajakaa pwani. Mwambao wote, tangu Lamu hata Unguja, wanawake wametunga asmini katika makoja tangu zamani sana, wakafunga vikuba vya rehani na mkadi, na arusi haijakamilika pasipo marashi ya mawaridi kunyunyizwa kwa mrashi. Hata neno waridi tulilipata kwa Waarabu, si kwa Wazungu. Lakini twakiri kwamba mara nyingine mgeni hutazama pale tupitapo upesi. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alipata katika milima yetu ya Usambara ua dogo la zambarau liotalo penye mawe na kivuli, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo ua lile lakaa katika vikopo madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani hata sasa huliita kwa jina la Usambara, huku misitu lilikozaliwa imepungua hata lenyewe limekuwa adimu kwao. Sisi tulizaliwa chini ya milima ile, tukapita penye mawe yale tukienda kutafuta kuni, wala hatukumbuki kwamba tuliinama hata mara moja. Tusiseme ni kwa sababu ya njaa. Siku nyingine tulikuwa tumeshiba.

Na liko jambo jingine, nalo limo katika Kitabu tunachokijua sote. Mfalme Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi hakulitaka kwa ngoma wala kwa ulevi. Alilitaka apate kulifanya bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Sababu njema kabisa! Nani awezaye kuilaumu bustani ya mboga? Lakini Nabothi alipigwa mawe kwa ajili yake. Na kwa upande mwingine, Bwana wetu alipowaambia watu wayatazame maua ya kondeni hakuwauliza kwanza kama wamekwisha kula. Hatusemi jirani yetu ni Ahabu, hasha. Ni mtu mpole, mlipaji wa madeni, na mwaridi si Nabothi. Twasema tu kwamba mboga haipati haki kwa kuwa ni mboga. Nayo yaweza kufunika neno lisilo zuri, tena yalifunika vizuri kuliko ua, maana ua kila mtu hulishuku.

Sasa tuseme lililotupata.

Binti wa nyumba ile ni mwanafunzi wetu wa darasa la sita. Tangu shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari alikuwa akichelewa, siku tatu kwa juma, na mara nyingine nne. Kwa wachelewaji tulikuwa na adhabu iliyowekwa kabla sisi hatujafika shuleni pale, nasi tuliishika bila kuifikiri: mchelewaji huchukua ndoo, hushuka mtoni, huteka maji, huja kumwagilia maua yaliyo mbele ya ofisi ya walimu. Safari mbili. Tuliiona ni adhabu njema. Haina fimbo, haina matusi, na maua hupata maji. Wageni wakifika husifu.

Wiki moja baada ya hukumu yetu tulikuwa na safari ya mjini, tukatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tuwahi basi. Njiani, pale penye mwinuko, tulikutana na binti yule akipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani juu ya kata ya kitambaa, maji yakimdondokea begani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema bila kugeuza uso, kwani mwenye ndoo kichwani hageuki. Tukaitikia, tukamwuliza kama ndiyo ndoo yake ya kwanza.

"Ni ya tatu, Mwalimu. Imebaki moja. Baba ameongeza tuta."

"Na maji ya kupikia?"

"Hayo nayateka jioni, pamoja na mengine ya mchicha."

Tukamwuliza tena, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, ni ndoo ngapi zilizokwenda kwa mwaridi wa mama yake. Alisimama kidogo, kana kwamba hakulielewa swali.

"Ule haukuchotewa maji, Mwalimu. Mama aliumwagia maji ya kuoshea vyombo."

Akapita. Tulisimama pale tukihesabu. Kila tuta katika jua la Februari lataka ndoo asubuhi na ndoo jioni. Matuta manne ni ndoo nane. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kutoka mtoni hata nyumba ile ni robo saa kwa asiyebeba kitu, na mwinuko hauna huruma. Na akimaliza huja shuleni mbio, hukuta kengele imekwisha kulia, nasi twampa ndoo zetu mbili. Siku zile za kuchelewa mtoto mmoja alimnywesha baba yake mchicha ndoo nane, akatunywesha sisi maua ndoo mbili, kisha akaketi darasani kwa somo la hesabu lililokwisha kufika katikati. Fedha za mchicha zilimnunulia daftari, na daftari lile tulikuwa tumelisahihisha wenyewe, tukaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba kazi haikumalizwa.

Basi likapita, nasi tungali pale.

Katika bustani tatu, ya mume, ya mkewe na ya shule, iliyokuwa haikai juu ya shingo ya mtu ni moja tu, na hiyo ndiyo tuliyoihukumu kuwa ya anasa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mume alipousifu mchicha alieleza unachotoa, nasi tulipomjibu tuliongeza unachotoa. Na mzee wa Mwanza alipolilaumu ua alieleza linachoharibu. Hakuna kati yetu watatu, wanaume wenye midomo, aliyeuliza mimea hii inanywa kwa mkono wa nani. Na mama aliyejua hakusema. Labda aliona kwamba tukiambiwa habari za maji tutasema kuteka maji ni kazi ya wasichana, ndiyo desturi. Na kwa haki, jioni ile tungesema hivyo.

Msomaji asitudhanie kwamba twataka mtoto akae mikono mifukoni. Sisi tulilelewa na ndoo na jembe, na mtoto asiyemsaidia mamaye twamwona amepotea. Wala matuta matatu ya kwanza hatuyalaumu, kwani ndugu zake wadogo waliyala, naye mwenyewe aliyala. Maneno yetu ni juu ya lile la nne. Lile halikumwagiliwa kwa kazi yake bali kwa usingizi wake na masomo yake, navyo havikuwa mali ya baba yake kuuza barabarani. Hivyo ndivyo tuonavyo. Tena juu ya maua ya ofisi hatuna hata udhuru huo mdogo wa baba, kwani hayakumlisha mtu.

Jumapili ile baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwao. Ni vigumu kumwendea mtu uliyempa haki jana ukamwambia kwamba leo unaitwaa, kwa hiyo tulianza na kosa letu, tukamweleza habari ya adhabu ya shule na maua ya ofisi. Alisikiliza. "Mimi nilidhani huchelewa kwa michezo njiani," akasema. Kisha tukataja ndoo. "Nane?" akauliza, akaanza kuhesabu kwa vidole, tuta kwa tuta, asubuhi na jioni, akafika mwisho akatazama mkono wake kitambo. Hakuwa amejificha, alikuwa hajahesabu. Maji katika nyumba ya mwanamume hukutwa mtungini.

Kesho yake alifunga madumu mawili nyuma ya baiskeli yake akashuka mtoni mwenyewe. Siku ya kwanza watu walimcheka kisimani na mtoni, na mmoja alimwuliza kama mkewe amefariki. Alivumilia. Matuta mawili akayachukua yeye, mawili akamwachia binti. Na baada ya siku tisa za baiskeli na mwinuko, lile tuta la nne akaliacha likauke, akasema litangoja masika. Hatukumshauri. Maji yenyewe ndiyo yaliyomshauri.

Kwa mkewe tulikuwa na deni letu wenyewe. Tulimkuta mlango wa jikoni anapepeta mchele, tukamwambia, "Mama, tulikuhukumu vibaya."

"Yamekwisha, Mwalimu," akasema. Lakini hakuacha kupepeta, nasi tulifahamu kwamba hayajesha.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Tulipoleta shauri kwamba adhabu ya maji iondolewe, mwenzetu mmoja alikataa kwa nguvu. Alisema kwamba watoto watokao katika nyumba za udongo mtupu wapaswa kuona mahali palipopambwa, wajifunze kwamba mahali paweza kupendeza; tukiyaacha maua yafe, tutakuwa tunawafundisha kwamba ua ni la tajiri. Maneno yale yalituchoma, kwa kuwa ndiyo tuliyopaswa kuyasema jioni ile ya Februari tukayakosa. Hata leo twaona alikuwa na haki, ila hakutaka kushika ndoo. Mwisho tulipatana kwamba maua ya ofisi yatapewa maji na wenye ofisi. Juma la kwanza tulikwenda walimu wanne, la pili wawili. Kabla ya Machi kwisha zaidi ya nusu yalikuwa yamekauka, na yaliyobaki ni vinka, ambayo haimwombi mtu maji. Imesimama pale mpaka sasa, nyeupe na ya waridi, na watoto huipita wakienda darasani. Siku moja tulimwona mtoto wa darasa la kwanza ameinama anaitazama. Hatukumwuliza kitu, kengele ilikuwa haijalia.

Mvua za masika zilipoanza tuliomba kwa jamaa yetu wa kijiji cha pili kijiti cha mwaridi, unene wake kama kalamu ya risasi, chenye vifundo vinne, tukampelekea mama yule. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukipanda mlangoni, pale pa zamani. Alikipanda nyuma, karibu na kichanja cha vyombo, mahali ambapo maji hufika yenyewe. Mwezi wa Mei mbuzi aliingia akala majani yote. Sasa kimechipuka tena, kina majani saba, wala hakijatoa tumba.